Neva ya mkono imeshonwa, kidole bado ganzi. Kwa nini ya mkono huota tena na ya uti wa mgongo haioti?

FundiVioo_Nzuguni

Wakuu, habari za jioni. Naombeni kueleweshwa, maana nyumbani kila mtu ana lake.

Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu. Kabla ya Pasaka tulikuwa tunafunga madirisha kwenye jengo moja kule Mtumba, kioo cha milimita 6 kikamponyoka mwenzangu, kikanikata upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole cha mwisho. Nikafanyiwa upasuaji. Daktari akaniambia kano mbili zimeshonwa, na neva ya ulna ilikuwa imekatika kabisa, nayo ameiunganisha. Plasta imeshatolewa, kidonda kimefunga vizuri.

Tatizo ni kwamba kidole cha mwisho na nusu ya kile kinachofuata ni ganzi tupu. Juzi nimeshika kikombe cha bati chenye chai, sikuhisi kitu mpaka mke wangu alipouliza lile lengelenge limetoka wapi. Ufunguo siwezi kuuzungusha mlangoni kwa mkono huo. Hapa katikati ya kidole gumba na cha shahada nyama imebonyea, unaona shimo kabisa.

Kuna kitu kingine sikielewi. Nikigonga kovu kwa kidole napigwa shoti inayoruka hadi kidole cha mwisho. Mwanzoni ilikuwa pale pale kwenye kovu. Sasa hivi kwenye kovu ni kidogo tu, ila nikigonga mbele yake, mwanzo wa kiganja, ndiyo inaruka kweli kweli.

Baba mkwe anasema mshipa wa fahamu ukishakatika ndiyo basi, na mfano anao: mdogo wake alianguka kutoka juu ya lori la alizeti pale Kibaigwa akaumia uti wa mgongo, hajasimama tena mpaka leo. Daktari wangu naye kasema itaota, nisubiri. Nikaingia mtandaoni nikakuta habari za seli za glia, eti ndizo zinazoamua neva iote au isiote. Sikutoka na kitu. Mwili si ni ule ule? Tofauti inatoka wapi? Na mimi nisubiri mpaka lini?

Mtemi_wa_Bahi

Pole sana mkuu. Mimi naona baba mkwe ana hoja. Shangazi yangu alipata ajali ya bodaboda, mkono wote ukaning'inia kuanzia begani, mwaka wa tatu huu. Na yeye aliambiwa asubiri. Jaribu kuchuliwa kwa mafuta ya moto, kuna bibi huku kwetu anasifika.

Mstaafu_Makole

FundiVioo, pole sana mwanangu. Mtemi, mafuta ya moto kwenye mkono wenye ganzi hapana, tafadhali. Mtu ameshindwa kuhisi kikombe cha chai, mafuta atayahisi vipi? Ya shangazi yako nitayafikia.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nimestaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa mikono na miguu ya wagonjwa wa ukoma, Hombolo na vijiji vya kando kando, kwa hiyo neva ya ulna tumezoeana.

Kwanza ujue kwamba seli inayokisogeza kidole chako haiko mkononi. Iko shingoni, ndani ya ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Na ile ya hisia iko kando tu ya ugwe huo. Kilichofika mkononi ni mkia wake, aksoni, uzi mmoja mrefu kutoka shingoni hadi kwenye kucha. Kioo kimekata mkia. Seli yenyewe imebaki hai huko juu. Kipande kilichobaki mbele ya jeraha kilikufa chote mpaka ncha ya kidole, daktari angeshona asingeshona. Mwingereza Augustus Waller aliliona hilo mwaka 1850 alipokata neva za ulimi wa chura akafuatilia nyuzi zikisambaratika. Ndiyo maana hukuamka kutoka chumba cha upasuaji na kidole kizima. Alichounganisha daktari ni maganda ya neva, uzi wa ndani lazima uote upya.

Sasa hao glia, yaani seli zinazoishi na neva na kuzihudumia. Mkononi kila aksoni kubwa imevishwa na seli za Schwann, zimepangana moja nyuma ya nyingine, kila moja imezungushia kipande chake utando wa mafuta unaoitwa mayelini. Uzi ukifa, seli hizi hazifi nao. Zinabadili kazi. Ndani ya siku chache zinaacha kutengeneza mayelini, zinaanza kuila ile ile ziliyoitengeneza zenyewe, zinaita makrofaji kutoka kwenye damu waje kuzoa mabaki, halafu zinaongezeka na kujipanga mstari mmoja ndani ya ganda lililobaki tupu. Mistari hiyo inaitwa mistari ya Büngner. Juu ya hapo zinamwaga protini za kuilisha aksoni changa, kama NGF na BDNF. Mabadiliko yote haya yanaongozwa kwa sehemu kubwa na protini moja ya ndani ya seli, c-Jun. Panya ambao seli zao za Schwann zimenyimwa c-Jun, neva zao zikikatwa huota vibaya sana, ingawa seli za neva zenyewe hazijaguswa. Hapo ndipo utajua nani anamtegemea nani.

Wewe ni mtu wa Dodoma, shamba la zabibu lililopogolewa umeliona. Chipukizi linatoka kwenye shina, lakini linakwenda kule waya ulikotandazwa. Pasipo na waya linatambaa chini na kuoza. Shina ni ile seli ya shingoni, waya ni seli za Schwann, na daktari wako kazi yake ilikuwa kulinganisha nguzo za huku na za kule zitazamane.

Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa siku, baada ya wiki kadhaa za kujikusanya. Kutoka kwenye kovu lako hadi ncha ya kidole cha mwisho, kwa mwanaume mzima, ni sentimita 15 hivi. Miezi mitano, weka na mwezi mmoja wa mwanzo. Ile misuli iliyobonyea iko karibu zaidi, ila ikishafikiwa nayo inataka muda wa kujaa, na isitegemee kurudi asilimia mia. Ulna ikikatwa kwa mtu mzima, mara nyingi vidole hubaki na upungufu kidogo, kwa sababu aksoni nyingine huingia ganda lisilo lake: ya msuli inaishia kwenye ngozi, ya ngozi inaishia kwenye msuli.

Hiyo shoti inayohama ndiyo habari njema kuliko zote ulizoandika. Ncha changa za aksoni hazijavishwa mayelini bado, ukizigonga zinafyatuka. Tunaiita alama ya Tinel. Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann waliiandika mwaka mmoja, 1915, kila mmoja akiwa upande wake wa vita, wote wakitibu majeruhi wa neva. Tafuta kalamu ya wino, kila mwanzo wa mwezi gonga kuanzia vidoleni kurudi kwenye kovu, pale shoti inapoanza weka alama, pima kwa rula. Ikisogea sentimita mbili au tatu kwa mwezi, tulia. Ikiganda mahali pamoja, rudi kwa daktari, usingoje tarehe ya kliniki.

Mtemi, sasa shangazi yako. Kutoka shingoni au begani hadi kiganjani ni sentimita 70 hivi. Kwa mwendo ule ule hiyo ni miaka miwili. Na hapo mfano wangu wa zabibu unaharibika, kwa sababu waya wa shambani hauchoki ila seli za Schwann huchoka. Zikikaa miezi mingi bila aksoni zinapungua, zinabana chakula zilichokuwa zinamwaga, mistari inavurugika. Msuli nao ukikaa mwaka, mwaka na nusu bila neva, unageuka kuwa nyuzi za kovu na mafuta. Kwa ajali za namna hiyo wapasuaji waliobobea huchukua neva ya jirani yenye kazi ndogo na kuipeleka kwenye msuli muhimu, ili safari iwe fupi, na kwa kawaida hutaka kufanya hivyo ndani ya miezi sita ya mwanzo. Kama mizizi ya neva iling'oka kwenye ugwe wenyewe, kusubiri hakuna faida yoyote. Subiri ya FundiVioo na subiri ya shangazi si subiri moja, na inanikera sana wagonjwa wanavyopewa neno hilo kwa sauti ile ile. Kwa sasa mpeleke akaonwe tena. Kuna upasuaji wa kuhamisha kano ambao haungojei neva.

FundiVioo_Nzuguni

Shikamoo mzee. Nimesoma, nikamsomea na mke wangu. Nimegonga sasa hivi, nimeweka alama kwa kalamu ya kuchorea vioo, haifutiki hiyo hata kwa sabuni.

Lakini mzee, mdogo wake baba mkwe je? Kwake hizo seli za Schwann zilishindwa nini?

Mstaafu_Makole

Marahaba. Hazikushindwa, hazikuwepo. Zinaishia pale neva inapoingia kwenye ugwe wa mgongo. Ndani ya ugwe na ubongo, kazi ya kuvisha mayelini ni ya seli nyingine, oligodendrositi, na tabia yake ni tofauti kabisa. Moja inavisha aksoni nyingi kwa mpigo. Aksoni zikikatwa haigeuki kuwa fundi wa ukarabati. Aidha inakufa au inakaa tu. Mabaki ya mayelini yanayozolewa mkononi kwa wiki chache, kwenye ugwe hubaki miezi, kwa binadamu hata miaka. Na mabaki hayo yana protini zinazoizuia aksoni isisogee. Martin Schwab na wenzake kule Zurich walianza kulionyesha hilo miaka ya 1980, na mwaka 2000 moja ya protini hizo ikatangazwa kwa jina la Nogo. Kisha kuna astrositi, glia wenye umbo la nyota, ambao huuzunguka ukingo wa jeraha na kujenga kovu lenye protini za sukari ambazo nazo ni kizuizi.

Lipo jaribio moja ambalo nilikuwa nawasimulia wanafunzi waliokuja kujifunza kazini, na nililisimulia mpaka wakawa wananimalizia sentensi. Montreal, mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, wakapachika ncha moja kwenye sehemu ya chini ya ubongo na nyingine kwenye ugwe, usawa wa kifua. Yaani waliazima seli za Schwann wakazipeleka zisikokaa. Aksoni za ubongo na ugwe, zile zile zilizokuwa zikisemwa haziwezi kuota, zikaingia kwenye kile kipande na kutembea hadi sentimita tatu. Zilipotokea upande wa pili na kukutana tena na glia wa ugwe, zikasimama baada ya hatua fupi.

Mwambie baba mkwe hivyo. Si kwamba seli za mdogo wake ni za aina nyingine. Majirani ni wengine. Nisiseme majirani ndio kila kitu, maana seli za ubongo za mtu mzima zenyewe nazo zimepunguza hamu ya kuota kuliko alipokuwa tumboni. Ila jaribio lile linaonyesha wazi wapi pa kuanzia.

MD4_pale_UDOM

Mzee shikamoo, nimefurahi sana kukukuta humu. Naomba kuongeza hapo kwenye kovu la astrositi, maana sisi darasani tulianza kwa kulichukia halafu tukageuzwa.

Upande wa kulichukia: mwaka 2002 Elizabeth Bradbury na wenzake London walitumia kimeng'enya cha bakteria, kondroitinesi, kukata zile sukari za kwenye kovu kwa panya walioumizwa ugwe. Aksoni zikaota na panya wakatembea vizuri zaidi. Kila mtu akasema adui ni kovu.

Upande wa kuligeukia: mwaka 2016 kundi la Michael Sofroniew huko Los Angeles likazuia astrositi wasijenge kovu kabisa kwa panya wadogo. Kama kovu ndilo tatizo, aksoni zingepita. Hazikupita. Na tayari ilikuwa inajulikana kwamba bila astrositi hao uvimbe na seli za damu husambaa, jeraha linakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo kovu lina mambo mawili kwa wakati mmoja: linafunga jeraha lisienee, na lina kemikali za kuzuia. Wanaotafuta dawa sasa hawataki kulifuta, wanataka kulibadilisha.

Na ndugu FundiVioo, kwa kuwa umeanza kusoma mtandaoni, utakutana na habari ya yule mgonjwa wa Poland, Darek Fidyka. Alichomwa kisu mgongoni mwaka 2010, na 2012 timu ya Paweł Tabakow, pamoja na Geoffrey Raisman wa London, ilichukua glia wa neva ya kunusa kutoka kwenye ubongo wake mwenyewe ikawapanda kwenye ugwe, pamoja na vipande vya neva ya mguuni kama daraja. Neva ya kunusa huota upya maisha yote, na glia hao ndio huisindikiza kuingia ubongoni. Alipata hisia na mwendo fulani, kwa mazoezi makali sana. Ni mgonjwa mmoja, na kisu kilikata kwa unadhifu ambao ajali ya lori haina. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanatuma namba za WhatsApp wakiuza "seli shina za uti wa mgongo" kwa mamilioni. Familia isiuze shamba kwa ajili hiyo.

Mstaafu_Makole

MD4, marahaba, ahsante. Hilo la 2016 lilinikuta nimeshazoea kulilaani kovu. Na hilo la kuuza shamba lisomwe mara mbili.

Mama_Zabibu

Kaka Mstaafu, umetaja Hombolo. Marehemu baba yangu alitibiwa ukoma huko, vidole vyake viwili vya mwisho vilikunjamana moja kwa moja. Ina maana ni neva hiyo hiyo ya huyu kijana?

Mstaafu_Makole

Ni hiyo hiyo dada yangu, na glia ni wale wale. Bakteria wa ukoma, aliowaona Hansen wa Norwei mwaka 1873, makazi yao wanayoyapenda ni ndani ya seli za Schwann. Wanapenda sehemu za mwili zilizopoa kidogo, na ulna inapita juu juu nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga unapigwa shoti. Mwaka 2013 watafiti wa Edinburgh wakaonyesha kwa panya kitu kilichonishangaza: bakteria hao wanaichukua ile tabia ya seli ya Schwann ya kuweza kubadili kazi, wanairudisha utotoni kabisa, kisha wanaitumia kusafiria kwenda kwenye misuli. Ule ule wepesi wa kugeuka unaomponya FundiVioo ndio mlango wa ugonjwa.

Dawa za ukoma ni bure, na neva ikiwahiwa ndani ya miezi ya mwanzo mara nyingi huokolewa. Mwenye baka lisilohisi asikae nalo.

FundiVioo, sasa nakuhamishia niliyokuwa nawaambia wa Hombolo, maana mkono wako kwa sasa ni wao. Jioni kabla giza halijaingia, kaa nje, kagua kila kidole kwa macho, pande zote, ukitafuta wekundu, lengelenge, kibanzi cha kioo. Maumivu hayatakuambia. Mama mmoja alikuwa akipikia uji wa mtama kwa sufuria lenye mpini wa chuma, kila wiki anakuja na kidonda kipya kwenye kidole kile kile, mpaka tulipofunga mpini kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kikombe chako cha bati kifanye hivyo, au hamia kwenye cha udongo chenye mkono mnene, na ukishike kwa kushoto.

Vidole viwili vya mwisho vikianza kujikunja uliza kliniki wakutengenezee splinti ya kuvizuia visipinde nyuma pale kidole kinapoungana na kiganja. Vinyooshe mwenyewe kwa mkono wa kushoto mara kadhaa kwa siku, ili neva itakapofika ikute viungo laini. Hisia zikianza kurudi, zitarudi vibaya: kuwasha, miiba miiba, pamba kuhisi msasa. Hapo weka bakuli la mtama, la karanga na la mchanga mezani, fumba macho, ingiza kidole, taja ni lipi, fumbua uhakiki. Ubongo nao lazima ujifunze upya nani ameungwa na nani. Vitamini B kama hujapungukiwa haziongezi kasi. Pesa hiyo nunua glavu.

FundiVioo_Nzuguni

Glavu za kazi ninazo mzee, ila nikivaa kioo kinateleza.

Mstaafu_Makole

Vaa zile zenye mpira kiganjani, na kwa sasa acha kubeba vioo, kata tu mezani. Mwenzako abebe.

Kijana_wa_Kongwa

Mzee samahani naingilia uzi. Mtoto wa dada, miaka minne, alichomwa sindano ya makalio kwenye zahanati moja, tangu siku ile mguu unaburuta, sehemu ya mbele hainyanyuki. Tumeambiwa atazoea. Hii nayo ni kusubiri?

Mstaafu_Makole

Hapana, kesho. Ni neva kubwa ya mguu, na mara nyingi haikukatwa bali imeumizwa na dawa yenyewe ikiwa imechomwa karibu nayo. Kwa mtoto safari ni fupi na seli zake za Schwann ni changa, ana nafasi nzuri kuliko sisi wote humu. Lakini mguu ukiachwa ukining'inia, kano ya kisigino itafupika na neva ikirudi itakuta kifundo kimekaza. Mpelekeni hospitali yenye fiziotherapia, mwombe splinti ya kushikilia mguu usawa wa digrii 90, avae hata akilala. Andika tarehe ya sindano na jina la dawa kama mnalo. Dawa isiyokuwa ya lazima sana kwa sindano, kwa mtoto yule, sasa apewe ya kunywa.